Boksi la Risasi Lenye Jina la Shemeji

Salmon, Idaho
9 Oktoba

Dada yangu Arlis,

Pokea salamu nyingi kutoka huku nyumbani. Mimi ni mzima, ukiacha goti la kushoto ambalo limeamua kuishi maisha yake. Mke wangu Nedra naye hajambo, anakusalimu na anataka kujua mjukuu wako amefanana na nani. Mimi namwombea asifanane na upande wetu. Huku theluji imeshaanza kukaa vileleni, na viazi tumevuna.

Baada ya salamu, nina tangazo. Kwa niaba ya ukoo mzima wa Hadlock, na kwa heshima zote zinazostahili, ninakuarifu kwamba siku ya Jumamosi, saa nne asubuhi, ndani ya gereji yangu, ncha ya plastiki ya mrija wa fataki iling'olewa rasmi kutoka kwenye mashine ya Baba ya kujazia risasi, baada ya utumishi wa miaka thelathini na mmoja. Ukubwa wake ni kama punje ya mahindi. Haikuacha mjane. Imelazwa kwenye kopo la kahawa, pamoja na misumari iliyopinda.

Umeniuliza kwa nini Rulon amekuwa mkimya kwenye simu, na kwa nini anasema anataka kuuza bunduki zake. Nitakujibu. Lakini kwanza nikukumbushe mumeo ni mtu wa namna gani, maana umekaa Nebraska miezi miwili na mtu akiwa mbali huanza kupendeza.

Tangu Baba afe na kutuachia mashine ile sisi wawili, Rulon huja kwangu kila wiki akiwa amevaa aproni. Aproni, Arlis, kama anakuja kukaanga mayai. Hagusi mkono wa mashine kabla hajainama na kuichungulia kama daktari wa meno. Wewe unazijua fataki, vile vikombe vidogo vya kuwasha baruti, maana ndiye uliyekuwa ukimpangia Baba kwenye kisahani macho yake yalipochoka, zote zikitazama upande mmoja. Unajua zinavyoshuka kwenye mrija moja moja, zikapokewa na kile kitelezo kinachoipeleka kila moja chini ya ganda la risasi. Na unajua fataki kuukuu ya ganda lililokwisha kupigwa inavyotoka na masizi yake yakadondokea hapo hapo. Basi mumeo, kila akimaliza risasi mia, anasimama, anakichomoa kitelezo, anakipiga brashi, anakipangusa kwa kitambaa kikavu, halafu anaandika kwenye daftari kwamba amekipangusa. Kikavu, shemeji, ananiambia, mafuta na fataki havikai nyumba moja, fataki iliyolowa haiwaki. Nikamwambia mwanamume anayeogopa mafuta akatafute kazi maktaba. Akacheka kwa nusu ya mdomo, akaendelea kupangusa.

Mwezi wa nane kitelezo kikaanza kusuasua. Ganda moja linapata fataki, la pili linapita bila. Nikafanya uchunguzi wangu wa kitaalamu. Nililaumu fataki, nikalaumu baridi ambayo ilikuwa bado haijafika, nikalaumu kiwanda. Mwisho nikamlaumu Rulon, nikamwambia Nedra kwamba mumeo ameipangusa mashine ya Baba mpaka imekonda. Rulon alisema huenda ile ncha ya mrija imelika, inaiachia fataki ikiwa imelala upande, na kwamba ameshaagiza nyingine kwa posta. Nikamwambia kitu cha ukubwa ule hakiwezi kumsumbua mtu mwenye akili.

Ikafika siku ya kumkumbuka Baba pale klabu ya shabaha. Unaijua ilivyo: risasi ya kwanza inapigwa na mzee Orvil kwa bunduki ya Baba, na inatoka kwenye mashine ya Baba. Walikuja watu kama sitini, na Nedra alipika vile viazi vya jibini ambavyo huku hupikwa mazishini. Orvil, na miaka yake themanini na mitatu, akakaa mezani, akafungua boksi, akaweka risasi, akalenga. Ikalia tik. Akasubiri huku mtutu ukitazama shabaha, kama sheria inavyotaka, akatoa, akaweka ya pili. Tik. Alipotoa ya tatu baruti ikammwagikia vidoleni, kwa sababu chini ya ganda hapakuwa na fataki, palikuwa na tundu tu.

Orvil akavaa miwani akasoma karatasi ya boksi kwa sauti. Unakumbuka amri ya Baba: kila boksi liandikwe tarehe, kipimo cha baruti, na jina la aliyevuta mkono, na hakuna kuweka risasi yako chini ya jina la mwenzako. Jina lilikuwa Rulon Tewes. Mtu mmoja akasema, labda amezipangusa fataki mpaka zikaisha. Watu wakacheka sana. Rulon akaichukua ile risasi ya pili, akainusa, akasugua kidole gumba kwenye suruali. Halafu akasema, hizo ni zangu, mzee, uniwie radhi. Wiki hiyo hiyo akarudisha beji ya kufundisha darasa la usalama la wawindaji wapya. Alisema hawezi kusimama mbele ya watu na kuwaambia wawe waangalifu. Miaka kumi na tisa amelifundisha. Hilo ndilo lililomkalia moyoni, Arlis, si bunduki.

Sasa nikueleze kilichotokea hasa.

Aliyetoa ule mzaha wa kupangusa fataki ni mimi.

Siku moja kabla ya siku hiyo ya Baba, Rulon alikuwa amejaza risasi thelathini kwenye lile boksi, mashine ikaanza kuruka fataki, akaacha. Akaniambia shemeji, tusiiguse mpaka ncha ifike, thelathini zinatosha. Akaenda nyumbani kukupigia simu. Nikabaki nalitazama boksi lenye nafasi ishirini tupu, na mimi ndiye mtoto wa Baba, na sikuwa nimevuta mkono hata mara moja kwa ajili ya siku yake. Nikachukua kopo la mafuta ya bawaba za mlango, nikatia matone matatu kwenye kitelezo. Kikateleza kama mtoto kwenye barafu. Nikaimba. Nilipofika ya kumi na mbili nikaona punje za baruti mezani. Nikazifagia kwa mkono, nikatupa ganda moja lililokuwa na tundu, nikajiambia lilikuwa hilo tu. Masizi na mafuta vilikuwa vimeshakuwa uji mweusi. Nikajaza zote ishirini, nikazipanga mstari wa mbele, zipigwe kwanza. Karatasi sikuigusa.

Orvil alipolisoma lile jina nilikuwa na nafasi ya kusema. Badala yake nikatoa mzaha. Na Rulon alipoinusa risasi, mafuta aliyatambua, kwa sababu alinitazama. Alinisubiri. Mimi nikatazama milima, kana kwamba ndiyo kwanza naiona. Ndipo akasema ni zake.

Jumamosi nilikuta bahasha ndogo kwenye meza ya gereji. Ndani mna ncha mpya ya mrija, kitambaa kilichokunjwa mara nne, na kikaratasi kwa mwandiko wake: Kikavu, shemeji. Basi, hakuongeza neno. Nilichomoa kitelezo, nikakisugua mpaka uji ule ukaisha, nikafunga ncha mpya, nikavuta mkono mara mia bila baruti. Fataki mia zilishuka, hakuna hata moja iliyolala.

Nimemwomba Orvil nafasi ya kusema kwenye mkutano wa klabu wa Alhamisi. Kesho nitakwenda kwa Rulon kwanza, kwa miguu, na goti hili, ili nisiwe na gari la kukimbilia. Wewe mwambie tu asiuze kitu kabla ya Alhamisi, na ukitaka msomee barua hii yote, pamoja na yale ya aproni.

Mbusu mjukuu kwenye kisigino. Nedra anakusubiri na chupa sita za jemu.

Tarehe ni hiyo ya juu. Kipimo, kurasa nne. Aliyevuta mkono ni mimi,

kaka yako,
Verl Hadlock