Waasi au Waliopotoshwa

Rijsel, sikukuu ya Mtakatifu Martino, 1440

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila mvua haikatiki. Mama na kifua chake je? Na baba yangu wa ubatizo, Lieven, bado anawachekesha mafundi?

Hapa ofisini kwa Dyuki, mtawala wetu, nimepewa kazi ya kuandika maneno ya kumwomba msamaha. Mtapiga magoti mbele yake kwenye lango la mji, miguu mitupu, na wewe, mkuu wa wafumaji, utayasema kwa niaba ya mji mzima. Kwa Kifaransa. Pameandikwa "sisi waasi". Yaseme tu, baba. Ukikataa watakukata kichwa.

Mwanao,
Gillis

Oostveld, siku ya Mtakatifu Elizabeti

Mwanangu Gillis,

Marahaba. Huku hatujambo. Mama yako bado anakohoa, lakini ameanza kunywa supu ya njegere. Lieven anakusalimu, anasema Dyuki akisikia Kifaransa changu atatimua mbio.

Waasi hatukuwa. Kodi ilipanda, tukakusanyika sokoni na bendera zetu kama babu zako, na haki hiyo tunayo kwa maandishi yenye muhuri. Ule ulikuwa mkutano. Nikiuita uasi, nimewanyang'anya wajukuu zangu haki hiyo. Sisemi. Kichwa chenyewe kizee, wakichukue.

Baba yako

Rijsel, siku ya Mtakatifu Andrea

Baba,

Shikamoo. Natumaini mama ana nafuu. Mimi silali tu, sina jingine.

Nimembembeleza mkubwa wangu mpaka kachoka. Amekubali tubadilishe neno moja. Badala ya "waasi", utasema "sisi tuliopotoshwa". Hapo mkutano wenu haujaitwa uasi, na haki yenu inabaki. Nimelia kwa furaha mezani, wenzangu wakanicheka. Hilo sema, baba, nakusihi.

Mwanao

Oostveld, siku ya Mtakatifu Lusia

Gillis mwanangu,

Marahaba. Mama yako hajambo. Mimi pia mzima.

Nililisema. Nilikuwa kwenye matope, baridi kali, na hakuna aliyecheka. Tukadhani yamekwisha. Kisha mwanasheria wa Dyuki akauliza kwa lugha yetu, "Mmepotoshwa na nani?"

Waasi wangekuwa mji mzima. Mpotoshaji ilibidi awe mtu mmoja. Hatukulifikiria hilo, wewe wala mimi.

Akaniangalia. Siku ile ya sokoni bendera niliinua mimi. Lieven alikuwa nyumbani bado anatafuta viatu. Nikanyamaza. Nikanyamaza mpaka Lieven, magotini kando yangu, akasema, "Ni mimi, bwana. Huyu mzee hawezi kupotosha hata kuku."

Nilikuwa na muda wa kukanusha. Sikukanusha.

Walimkata kichwa jana, pale sokoni. Nilisimama nikatazama, nikarudi nyumbani nikala. Sisikii kitu, mwanangu, huzuni wala aibu. Mama yako anauliza kama utakuja Krismasi.

Leo asubuhi mke wa Lieven alikuja. Hakuketi. Aliniuliza yale maneno ya Kifaransa niliyoyasema langoni maana yake nini. Nikamwambia sijui.

Baba yako