Maharage Meusi Niliyoyapika

Mama Joseline,

Huku Kibondo ukungu haujaondoka tangu alfajiri, na sasa ni saa nne. Nimekaa kwenye kibaraza cha ofisi ya kata, pikipiki ya kazi nimeiegemeza ukutani, na mti ulio hatua kumi kutoka hapa siuoni. Ukungu wa namna hii hunichanganya akili. Jana nilisinzia kidogo kwenye kiti hikihiki nikakuona umeinama shambani, kanga kiunoni, unafukia mbegu kwa kidole cha mguu kama ulivyozoea. Nilikuita. Hukugeuka, ila ulipunga mkono nyuma ya mgongo, yaani subiri kwanza, namalizia tuta. Niliamka bado nasubiri.

Basi nimeona nikuandikie, ingawa najua karatasi hukuzipenda. Nilipofika kwako Rungwe Mpya mwaka 2013, binti wa Dodoma niliyetumwa na chuo kikuu cha kilimo kuja kuandika maisha ya wanawake wakulima, ulikitazama kidaftari changu ukauliza, "Maisha yangu yataenea humo?" Nikajibu yataenea. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na hakuna kitu nilichokuwa sikijui.

Ukanipa kitanda cha Joseline, binti yako, aliyekuwa chuo cha ualimu Kasulu mjini. Kazi yangu ilikuwa kukufuata kutwa nzima na saa mkononi, na kila robo saa niandike unafanya nini. Kisanduku kimoja, kazi moja. Wewe nawe kazi moja ulikuwa huna. Unapalilia, unamfukuza mbuzi, unaongea na Mama Deo ng'ambo ya ua juu ya harusi ya watu, na jikoni sufuria iko motoni, unaisikiliza kutoka shambani. Nikikuuliza, "Mama, sasa niandike nini?" unasema, "Andika Mama Joseline yupo." Siku moja niliandika hivyohivyo. Msimamizi wangu akanipigia mstari mwekundu.

Siku zile hunijia bila mpangilio. Naona mvua inashuka kilimani, tunaitazama inavyokuja na hakuna anayekimbia. Nasikia unaimba kitu kisicho na maneno. Naiona saa yangu imesimama saa nane kasoro, sikumbuki ilisimama lini, na wewe umekaa mbele yangu unamenya mihogo. Nilikuwa na furaha, Mama. Sikuwahi kukuambia kwa sababu dodoso halikuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Halafu kuna ile siku. Naona hata katika barua hii nimeizunguka kwanza.

Ulikuwa umekwenda Kasulu kumpelekea Joseline unga. Mbegu yako ya maharage ilikuwa ndani ya chungu pale pembeni, tayari kwa kupanda, na ilikuwa imechanganyika yote: ya njano, mekundu yenye madoa, meupe, ya zambarau, na meusi madogo. Mimi darasani nilifundishwa kwamba mbegu safi ni ya aina moja. Kiherehere kikanipanda. Nikaimwaga kwenye mkeka, nikaanza kuchambua rangi kwa rangi, mvua inapiga bati, vidole vinakwenda vyenyewe. Sijui saa ngapi zilipita. Nilipoinua kichwa kulikuwa na mafungu manne mazuri, na fungu la tano la yale meusi, madogo, yamekunjamana. Hayo nikayaona ni makapi. Nikawaza, mama wa watu atarudi amechoka, akute chakula. Nikayaosha, nikayabandika motoni.

Uliporudi ulisimama mlangoni ukayatazama mafungu yangu. "Nani kakwambia hawa wamegombana?" ukasema, ukacheka. Kisha ukafunua sufuria. Ulisimama na mfuniko mkononi, mvuke ukikupanda usoni. Ukanawa, ukakaa, ukala. Ukasema ni matamu. Nami nikajisifu nilivyoyapika.

Kesho yake, huku unayarudisha mafungu chunguni na kuyachanganya kwa mkono, ndipo uliponieleza. Yale meusi ulipewa na rafiki yako Mama Floride, wa kambi ya wakimbizi ya Mtabila. Miaka mingi alikuja kulima kibarua kwako mpaka mkawa ndugu. Kambi ilipofungwa mwaka 2012 na watu kurudishwa Burundi, alikuja kukuaga na konzi moja ya maharage amefunga kwenye pindo la kitenge, kwa maana hakuwa na kingine cha kukuachia. Ukapanda msimu mmoja, konzi ikawa mabakuli mawili. Majirani wote ulishawaahidi kuwagawia baada ya mavuno mengine, kwa kuwa meusi hukomaa upesi, mvua ikikatika mapema yenyewe yameshamaliza. Uliyasema hayo bila hasira, kama unayenielekeza njia ya kisimani. Nikalia. "Nyamaza, mwana wanje," ukaniambia kwa Kiha, yaani mwanangu. "Tumekula wote."

Mwaka ule mvua ikakatika mapema. Tulisimama shambani mimi na wewe tukayatazama maua yakikauka kwenye miche. Wanawake walipokuja kuuliza habari za mbegu ya Mama Floride, uliwajibu, "Panya." Neno moja tu, ukaendelea na kazi. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, nikainamisha kichwa.

Sasa sikia ubaya wangu. Katika tasnifu yangu kuna sehemu inayoitwa sababu za kupungua kwa mavuno. Nimeandika: mvua kukatika mapema, wadudu, na panya. Niliandika kwa mkono wangu huu! Nikapata alama nzuri, nikavaa joho, nikapiga picha, nikakuletea moja. Uliitundika ukutani.

Mwaka huu nimeajiriwa kuwa afisa kilimo, ndiyo maana niko Kibondo. Wananiita bibi shamba. Wanawake wa huku nao wanapanda mchanganyiko, wananiuliza, "Tuchambue?" Nawaambia msichambue. Wakiuliza kwa nini, nasema utafiti unaonyesha hivyo. Utafiti gani, Mama? Sufuria yako ndiyo utafiti wangu wote, na hiyo nimeificha.

Ulipofariki, kiangazi kilichopita, Joseline alinipigia simu asubuhi. Basi letu likaharibika njiani, nikafika udongo umeshafukiwa na watu wanaanza kunawa mikono. Nilikuwa nimejiambia nitasema pale pale kaburini. Sikusema. Nilikula ugali wa msiba na kurudi zangu kazini, na tangu siku ile ukaanza kunijia kila nikifumba macho.

Juma lililopita nimekwenda tena. Joseline sasa anafundisha shule ya hapohapo na anakaa nyumbani kwako. Yeye nilimwambia kwanza, tumekaa jikoni. Alichochea moto, nikadhani ananifukuza moyoni. Mwishowe akasema, "Mficha uchi hazai, Rehema. Kawaambie wenyewe."

Wanawake walikuwa uani wanatayarisha mbegu, karibu wote wale niliokuwa nawajazia madodoso. Nikasimama. Niliogopa sana. Si kwa ajili yangu tu. Niliogopa wakuite mwongo na wewe huna mdomo wa kujitetea. Nikasema, "Yule panya wa mwaka ule ni mimi. Mbegu ya Mama Floride niliipika."  

Mama Deo akawa wa kwanza. "Yewe bibi shamba," akasema, "panya gani anakuja kuazima chumvi?"

Wakaangua kicheko, wengine mpaka wakashika mbavu. Na mimi ndipo nikakumbuka. Jioni ile kweli nilivuka ua nikaomba chumvi kwa Mama Deo, na kwa mdomo wangu ulivyo nikamweleza na kilichokuwa motoni. Kabla hujashuka kwenye gari kutoka Kasulu, mtaa mzima ulishajua.

Mama Deo akaniambia yaliyofuata. Kumbe kesho yake alfajiri, kabla sijaamka, uliwapitia mmojammoja. Uliwaambia, "Mtoto ni wa watu, amekuja kusoma. Msimwaibishe. Mimi nitasema panya, na ninyi mseme panya." Nao wakakubali, hata kuja kuuliza mbele yangu kama wasiojua. Wanawake ambao mbegu yao ndiyo niliyokula. Miezi yote ile waliponisalimia "Mwakeye" na kuniuliza masomo yanaendaje, walikuwa wanajua. Hata siku uliyoitundika ile picha ya joho walikuja kuitazama, wakapiga vigelegele. Nilicheka nao, kisha nikalia mpaka Joseline akaniingiza ndani.

Mbegu yenyewe haikupatikana. Nimepekua magunia soko zima la Kasulu. Meusi yapo, lakini makubwa, na wauzaji wanasema yanachelewa. Watu wa Burundi wameanza kuja tena mwaka huu, Joseline anawauliza wanaopita kama kuna anayemjua Mama Floride. Bado hajapata wa kumjibu.

Jana nimemwandikia msimamizi wangu. Nimemwomba ukurasa ule ubadilishwe katika nakala iliyoko maktaba, na kama haiwezekani, wabandike karatasi juu yake. Nimemwandikia na maneno yenyewe: "Mbegu nyeusi ya Mama Joseline, aliyopewa na Mama Floride, ilipikwa na mtafiti, mwenye jina lililoko kwenye jalada, kwa kutojua." Anaweza kukasirika. Anaweza kuuliza ni mangapi mengine niliyoyaficha, na akiuliza nitamjibu. Na Jumatatu nina kikao na akina mama wa huku. Wataniuliza tena kwa nini wasichambue, na safari hii nitawaeleza kutoka kwenye mkeka mpaka kwenye chumvi, wacheke wanavyotaka.

Kwaheri, Mama. Lala, kazi zako zote sasa zina wenyewe. Ulipita nyumba kwa nyumba ili nisiaibike. Nami nakuahidi: nitaaibika, kwa jina langu kamili.

Mwanao,
Rehema