Saa za Tanuru

Nyumba za walimu, chuoni
4 Februari

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unasemaje? Nakuandikia kwa sababu simu huisikii tena, nami siwezi kupiga kelele mambo ya mapenzi majirani wakasikia. Mimi mzima, tena mzima kupita kiasi. Wiki sita tu za ndoa na mashavu yamejaa!

Baba, huyu mwanaume ananipenda. Ananichemshia maji ya kuoga kabla hajaenda kufundisha. Nikiunguza chakula anakula na kusema moshi unaongeza ladha. Dirisha letu linatazama karakana ya chuo, na nikiosha vyombo namwona akivuka uwanja na koti lake jeupe. Moyo unanidunda kama vile si mimi niliyelipiga pasi hilo koti.

Kubwa ni hili: serikali imekubali kiwanda chenu cha vigae kifufuliwe, na chuo ndicho kitakachofundisha wafanyakazi. Mume wangu anasema ni aibu nchi yenye udongo mwekundu kila mahali kununua vigae nje. Kinachokosekana si udongo, ni watu wanaoujua. Yote uliyomweleza siku alipokuja kujitambulisha ameyaandika. Anakuita "profesa wa tanuru". Usimnunie tena, tafadhali.

Kitindamimba wako

15 Februari

Binti yangu,

Marahaba. Mgongo unauma, ndiyo kazi yake. Nafurahi unachemshiwa maji.

Huyo Bwana Daftari wako mimi simwelewi. Kijana anakuja ukweni kujitambulisha, badala ya kuuliza habari za ukoo ananiuliza tanuru lina matundu mangapi ya hewa! Alijaza kurasa nne. Jina lako hakulitaja mpaka soda zilipoisha. Nilikaa mbele ya moto ule miaka ishirini na sita. Kiwanda kilipofungwa, vijana wenye vyeti walikuja wakanipa mkono, wakaondoka. Sasa wamerudi na pete.

Fungua mtoto wa meza yake. Tazama hicho anachoandika kina jina la nani.

Baba yako

27 Februari

Baba,

Shikamoo. Natumaini umeamka vizuri, maana mimi tangu nipate barua yako siamki vizuri.

Nimefungua. Mungu anisamehe, nimefungua akiwa darasani, kama mwizi. Ni ripoti ya wizara, na jalada lina jina lake peke yake. Tulipokuwa tunakula nikajifanya nacheka: "Profesa wa tanuru yuko ukurasa wa ngapi?" Akasema, "Wizara haisomi ripoti ya mtu asiye na cheti, mke wangu. Ningemtaja, wangeitupa." Nikamkumbatia. Lakini nilimkumbatia huku nawaza, na hiyo sumu umenitia wewe.

Sasa sikia raha. Ripoti imekubaliwa! Vitabu vyote vinasema tanuru kubwa kama lile lipoe saa thelathini na sita kabla ya kufungua mlango. Wewe ulimwambia kumi na mbili zinatosha, kwa sababu ya yale matundu ya chini. Juu ya saa zako hizo amejenga mpango wote: tanuru litachoma mara nyingi zaidi kwa wiki, zamu ziwe tatu badala ya moja, wahitimu sitini waajiriwe badala ya ishirini. Moto utazimwa jioni ya tarehe 19 Machi, na asubuhi ya tarehe 20 mlango utafunguliwa mbele ya wageni wa wizara. Yeye mwenyewe ndiye atakayevuta komeo, wanafunzi wamesimama nyuma yake. Njoo uone akili yako inavyoajiri watu!

Kitindamimba wako

9 Machi

Baba,

Shikamoo. Kimya. Unaumwa? Au bado umenuna kwa ajili ya jina? Mwenzangu ameanza kuniuliza mbona namtazama vile. Nijibu hata mstari mmoja.

Kitindamimba

14 Machi, kwa mkono wa dereva wa basi

Mwanangu,

Afya yangu usiiulize leo. Kaa chini ndipo usome.

Saa kumi na mbili ni uongo. Niliubuni palepale sebuleni. Nilisema moyoni, kama huyu amekuja kuiba ujuzi wangu, basi abebe na huu, wasomi wenzake wamcheke. Sikujua ataniamini. Hata msimamizi wangu wa kiwandani hakuwahi kuniamini bila kuja kuhakiki mwenyewe.

Ni thelathini na sita, kama vitabu vinavyosema. Mlango ukifunguliwa mapema vigae vitapasuka, lakini vigae si kitu. Hewa inayotoka mle inachuna uso wa mtu. Nimewahi kuona. Siku zote hizi nilikuwa na kalamu mkononi, namwogopa mkwe wangu kuliko nilivyowahi kuuogopa moto.

Mpe barua hii. Usinipambie maneno.

Baba yako

24 Machi

Baba,

Shikamoo. Sisi wazima, na nikisema wazima namaanisha ngozi.

Nilimpa. Aliisoma amesimama, koti bado mwilini. Nilingoja akutukane. Akanigeukia mimi: "Na wewe ulijua?" Tangu tuoane hajawahi kunitazama vile. Nikamwapia. Akasema "Sawa," ile sawa ya mtu anayemjibu mwenye duka aliyepandisha bei.

Akaenda kwa mkuu wa chuo, akasema mpango una kosa. La nani, hakusema. Wageni wakaambiwa waje tarehe 21, hawakuja. Tulifungua sisi na wanafunzi. Vigae vilitoka vizima, vyekundu, vikilia kama kengele ukivigonga. Watu walishangilia, nami nikalia, maana mume wangu ni mzuri hata akiwa na masizi. Lakini zamu tatu zimerudi kuwa moja. Wahitimu ishirini watapata kazi. Arobaini wameambiwa wasubiri, nao wanamuuliza yeye, si wewe.

Na nyumbani: jana nilimwambia chai ina sukari. Akaikoroga, akaionja, ndipo akasema asante. Hakuna ubaya. Lakini niliona.

Bado nampenda mpaka naona haya. Ndiyo maana nakutumia hii orodha, mambo mengine kumi na saba uliyomweleza siku ile. Kila moja ameliwekea alama ya kuuliza. Ananiuliza lipi lingine ni la kubuni. Tia alama ya vema palipo na ukweli.

Kitindamimba

30 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Niko salama.

Orodha naileta mwenyewe, haina alama hata moja. Yote kumi na saba ni kweli, lakini nikitia vema kwa mkono huuhuu, aniamini kwa lipi? Angeniamini angekuwa mjinga, na wewe hukuolewa na mjinga. Hilo nalikubali.

Nakuja Jumatatu kwa basi la asubuhi. Aniweke darasani mbele ya wanafunzi wake, wale arobaini wakae mbele. Aniulize moja moja, kisha twende kwenye tanuru kila jibu lipimwe. Mtihani wa mwisho nilifanya darasa la nne, nikaanguka hesabu.

Mwambie asinionee huruma.

Baba yako