Alama Niliyoisugua

Kikwajuni, Unguja
Jumapili asubuhi

Mama yangu mpenzi, Bi Mwanapili,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, goti limeacha kukusumbua, na mwani umeuanua kabla ya mvua. Mimi sijambo, alhamdulillahi, nakula na nalala. Nimeamua kuandika badala ya kupiga simu kwa sababu simu yako, mama, ni ya mtaa mzima; ukiipokea tu unaiweka sauti ya juu, na jirani Salhiya ananijibu kabla yako. Haya niliyo nayo leo ni yako peke yako. Ame, anayekuletea barua hii, nimemwambia akukabidhi mkononi, nawe usome mwenyewe hata kama miwani imepotea tena.

Uliniuliza mara mbili huyo Mzee Anuar ninayemtaja kila siku ni nani hasa, na nikasikia sautini mwako kwamba umeshaanza kuingiwa na shaka. Ondoa shaka. Ana miaka sabini na minne, mke mkali, na wajukuu tisa. Miaka arubaini alikuwa fundi wa kutengeneza cherehani mbovu Darajani. Bi Ulfat, mwenye ile nyumba ya vitu vya kale ninayofanyia kazi Mkunazini, alimwita siku moja amtengenezee kufuli la kasha, akaona namna anavyokitazama chuma, akamwajiri siku ile ile. Ufunguo wa ghala akamkabidhi yeye.

Miezi mitatu nyuma ilibomolewa nyumba moja ya zamani Chukwani, na darini likatoka sanduku. Ndani mlikuwa na magazini thelathini na moja za bunduki za kijeshi za zamani, yaani vile visanduku vyembamba vya chuma vinavyojazwa risasi na kuchomekwa kwenye bunduki. Usishtuke. Zilikuwa tupu, bunduki haikuwemo wala risasi hata moja, na polisi walizikagua moja moja wakatoa kibali cha maandishi. Nani alizileta, hatujui. Mwenye nyumba alisema tu kwamba babu yake alikuwa hawezi kupita penye chuma akakiacha. Kazi yetu ilikuwa kujua kila moja ilitengenezwa wapi, tuiandikie kadi kwa ajili ya maonyesho.

Nyingi zilikuwa zimegongwa taji tatu ndogo. Nikatafuta, nikaona kwamba taji tatu ni za Uswidi. Nyengine zilikuwa na herufi mbili ndani ya kisanduku, nikaona ni za jeshi la Finland. Nikaandika kadi thelathini kwa mkupuo mmoja, hizi zimetengenezwa Uswidi na hizi Finland, nikampelekea Mzee Anuar huku najiona profesa. Alizisoma zote kwa adabu, kisha akazirudisha kwangu zote.

Akanieleza kwamba chuma cha jeshi hupigwa alama na watu watatu: aliyekitengeneza, aliyekikagua na anayekimiliki. Mwenye mali huweka alama kubwa, mahali pa kuonekana, kama zile taji na kile kisanduku. Mtengenezaji hujificha, ana herufi moja au mbili tu, kwenye kitako au mgongoni karibu na mdomo, na pengine yuko nchi nyengine kabisa. Alisema cherehani zilimfunza. Wauzaji walikuwa wakipaka majina yao ya dhahabu juu, na yeye akizipindua kutafuta chini nani hasa aliyezizaa. Tena kilikuwepo kiwanda cha Uswidi kilichotengeneza bunduki na cherehani pia, na alama yake aliijua tangu kijana, kwenye mashine za kina mama wa Ng'ambo.

"Usitizame kwa jicho tu, mwanangu," aliniambia. "Tizama kwa ukucha."

Mama, laiti ungemuona. Hufumba macho, akapitisha ukucha wa kidole gumba juu ya chuma taratibu, na pale ambapo mimi naona kutu tupu yeye husema kuna mguu wa herufi. Kisha huweka tochi ubavuni, si juu, akapaka unga wa chaki, na herufi inajitokeza pale pale aliposema. Asipojua husema hajui, na neno hilo huliandika kwenye daftari kwa wino, kwa hati nzuri. Sijapata kumuona mtu anayesema hajui bila kuona haya. Nampenda kwa hilo kuliko hata ujuzi wake.

Magazini ya thelathini na moja haikufanana na wenzake. Haikuwa na taji wala kisanduku. Ilikuwa na rangi kuukuu na kutu, na chini yake Mzee Anuar alisikia kwa ukucha herufi moja na nusu, akasema si za kiwanda kinachojulikana. Aliizungushia pamba akaitia kwenye kopo la biskuti. Mtaalamu mmoja wa Denmark, ambaye Bi Ulfat huandikiana naye, alisema magazini ya namna ile haikupata kutengenezwa na kiwanda kingine isipokuwa kile kinachojulikana, na kwamba huyo mzee amejidanganya. Mzee Anuar akajibu kwa upole kwamba akipewa wiki mbili ataiondoa rangi tabaka kwa tabaka, na picha itasema. Alikuwa ameweka neno lake hapo, mama, mbele ya watu wenye shahada.

Sasa nafika pagumu. Ijumaa moja Bi Ulfat alituambia wageni wa wizara watapita alasiri. Mzee Anuar alikuwa ameondoka kwenda kuswali, akaniachia ufunguo. Nikazitazama zile magazini nikasikia sauti yako, kila Idi, kwamba mgeni akikuta chombo kichafu anamsema mama mtu. Nikatafuta ukwaju na majivu na kipande cha kumbi la nazi. Nikaanza na ile iliyokuwa chafu kuliko zote. Niliifungua mwenyewe kutoka kwenye pamba yake. Niliisugua kama ninavyolisugua sinia la bibi, na wallahi nilifurahi ilivyong'aa. Mzee Anuar aliporudi aliichukua, akapitisha ukucha mara moja, akapitisha tena. Aliitia kwenye kopo na kulifunika.

Wageni walipoondoka, Bi Ulfat aliuliza nani ameisugua. Mimi nikainamia kadi zangu. Mzee Anuar akasema ni yeye, mikono imezeeka na akili imeanza kusahau. Akaandika kwenye daftari: alama imefutika, imesuguliwa na Anuar. Bi Ulfat alimnyang'anya ufunguo. Yule mtaalamu wa Denmark akaandikiwa kwamba mzee alikosea. Na mimi, mwanao uliyenilea nisiseme uongo, nilinyamaza siku tisa. Nilikuwa nakupigia simu jioni nakwambia kazi inakwenda vizuri.

Kila siku alikuja akakaa kwenye benchi la mlangoni kama mgeni, akinisaidia kadi bila kugusa chuma. Siku ya tisa nikamuuliza kwa nini. Akasema mimi bado nina miaka mingi ya kuaminiwa, na yeye imembakia michache. Nikarudi kwenye daftari nikalitazama lile jina lake. Alikuwa amenifunza mwenyewe kwamba alama kubwa si lazima iwe ya mtengenezaji. Kosa lile nililitengeneza mimi, yeye amelimiliki tu.

Basi Jumatatu nilikwenda kwa Bi Ulfat nikamwambia yote. Alimwita Mzee Anuar akamrudishia ufunguo mbele yangu, na akamtaka radhi. Mtaalamu wa Denmark ataandikiwa upya. Magazini yenyewe haitasema tena. Neno la mzee halitathibitika, na hilo ndilo linaloniuma. Mimi, mama, ameniachisha, sina kazi tangu siku ile. Najua ulishawaambia Makunduchi nzima kwamba nina kazi mjini. Nisamehe. Waambie ukweli, au niachie niwaambie mwenyewe nikija.

Kabla sijaondoka niliomba kalamu. Nikakata jina lake nikaandika: imesuguliwa na Nassra Usi. Miezi minane nimeandika kadi ndani ya nyumba ile, na hilo ndilo jina langu la kwanza kuingia kwenye daftari. Mzee Anuar aliusoma ule mstari, akapitisha ukucha juu ya wino, akasema, "Hii inasomeka." Amenitaka nije barazani kwake kila siku baada ya alasiri, ana cherehani sita ambazo hajui nani alizitengeneza.

Nisalimie Salhiya, mwambie namdai kanga yangu. Wasalimie majirani wote na unibusie watoto wa kaka. Nitakuja Alhamisi, inshallah. Na lile sinia la bibi lililo juu ya kabati, nakuomba sana, mama, usilisugue mpaka nifike. Nyuma yake, karibu na ukingo, nakumbuka palikuwa na kitu kinachokwaruza kidole.

Ni mimi mwanao,
Nassra