Chupa ya Mzee Komora

Jumatano usiku

Mzee Komora, baba mkwe wangu, amenuna leo mpaka chai akaikataa. Sababu ni mimi.

Sisi akina mama wa Idsowe tulikubaliana na Mama Kadzo, muuza pombe ya mnazi, kwamba mtoto akija na chupa na kusema "nimetumwa na babu", asiuziwe. Wanaonja njiani. Wengine hata hawajatumwa na mtu. Huyu binti yangu Hawa, mzee alikuwa akimtuma kila jioni, na juzi nilimnusa mdomo nikakosa usingizi.

Leo Mama Kadzo akamrudisha na chupa tupu. Mzee akafoka, "Tangu lini mjukuu hatumwi? Niende mwenyewe kama mtu asiye na watu?"

Sijawahi kumjibu baba mkwe. Nikainama, nikasema, "Ndiyo, baba. Nenda mwenyewe."

Akachukua fimbo na chupa yake, akatoka. Hawa naye akakimbilia uwanjani kwa wenzake, kwenye ile voliboli ya jioni tuliyowaanzishia sisi akina mama.

Najua hatujamaliza. Huko Minjila wapo wauzaji ambao hawajakubaliana na yeyote, na mtoto akitaka kufika atafika. Lakini leo...

Mzee amerudi magharibi, chupa bado tupu. Kwa Mama Kadzo hakufika. Alikaa uwanjani akitazama mpira mpaka giza likaingia.

Alipokuwa akienda kulala ndipo aliponisemesha. "Hawa ana mkono mzuri wa kupiga mpira. Kuanzia kesho, jioni mtu asimtume popote."

Mtu! Utadhani ni mimi niliyekuwa nikimtuma.