Mwenzangu wa blogu ni mama mkwe, na Jumamosi tunaketi meza moja

Mpendwa mshauri Bi. Wakiuru, naomba msaada wako, na nakuomba pia usicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu mwalimu mwenzangu nilipomwambia alicheka mpaka akamwaga chai, na mimi sikuona cha kuchekesha.

Mimi ni mwalimu wa Jiografia katika shule moja ya upili karibu na Matulo, nimeoa, mke wangu ni Nabwile kutoka Kabuchai, na tangu mwaka jana nasomea shahada ya uzamili ya elimu, masomo yenyewe ni ya mtandaoni kila wikendi, sisi wanafunzi hatuonani kwa sababu kila mtu huzima kamera kuokoa bando, na mhadhiri wetu, Dkt. Kipketer, alituamuru kila mmoja afungue blogu ya kufundishia, yaani somo ulilofundisha darasani unaliandika huko, wanafunzi wako wanaingia kwenye chumba cha kompyuta wanauliza maswali chini yake, halafu mwalimu kutoka shule nyingine anapitia na kukukosoa. Na kwa kuwa darasa letu lina walimu wakuu na walimu wa juzi pamoja, Dkt. akasema tutumie majina ya kubandika, ili mtu asiogope kumwambia mkubwa wake ukweli. Mimi nikajiita Mwalimu Tope, kwa sababu ya udongo. Nikapangiwa mtu anayejiita Bi. Duara, wa Hesabu.

Bi. Wakiuru, huyo mama aliniandama. Chini ya somo langu la kwanza, la mmomonyoko wa udongo, aliandika kwamba ni refu kama hotuba za mazishi na kwamba hata marehemu angeondoka. Nilikasirika, nikaenda kwenye blogu yake nikaandika kwamba milinganyo yake ni mikavu kama ugali wa jana, naye akajibu kwamba ugali wa jana na chai ndio uliowasomesha walimu wengi wanaojidai leo, basi tukaanza hivyo, na sitakudanganya, nilianza kungoja maneno yake kuliko kengele ya chakula. Masomo yangu yakawa mafupi, nikaacha kuandika kama kitabu, wanafunzi wakaanza kuuliza, na kuna msichana wa Kidato cha Pili anaitwa Cheptoo ambaye tangu aje hajawahi kunifungulia mdomo darasani, siku moja akaandika kwenye blogu akiuliza kwa nini upande wao wa mlima uliporomoka ukafunika shamba la nyanyake ilhali wa jirani ulibaki, na swali hilo likafundisha darasa zima kuliko mimi.

Urafiki ukakolea, tukatoka kwenye maoni ya watu wote tukaanza kuandikiana kando, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilimwambia mambo ya nyumbani. Nilimwambia mke wangu hulalamika kwamba sina habari na kazi za nyumba, akanijibu, "Ukifika mapema osha vyombo na usitangaze." Nikaosha. Mbaya zaidi, nilimsengenya mama mkwe wangu. Nilimwita gavana wa Kabuchai. Nilisema kwamba Krismasi nilipoenda kwao niliandaliwa kuku bila imondo, yaani ile firigisi, na wewe ukikaa Kitale unajua kwamba huku kwetu mwanamume kupewa kuku bila imondo ni kama kuambiwa aondoke kwa adabu, na nikamweleza kwamba nilikula nikanyamaza na hata mke wangu sijawahi kumwambia. Bi. Duara alikaa kimya siku nzima ndipo akajibu, "Pole sana. Pengine paka alimtangulia mpishi." Pasaka tukarudi Kabuchai, kuku akaletwa, imondo iko juu kabisa ya sahani, imekaa peke yake kama mgeni wa heshima. Nilifurahi sana, nikamwandikia Bi. Duara kwamba gavana amebadilika.

Basi wiki iliyopita Dkt. Kipketer akatangaza kwamba siku ya mwisho ya kozi ni Jumamosi ijayo, ana kwa ana, katika ukumbi mmoja pale Kitale, kila jozi iketi meza moja mbele ya wenzao ieleze jinsi blogu zao zilivyowasaidia wanafunzi, na jozi isiyotimia wote wawili wanarudia kozi mwaka ujao. Kesho yake Bi. Duara akaweka somo jipya, namna ya kukadiria maji yanayoingia kwenye tangi, pamoja na picha ya tangi. Ni tangi langu, Bi. Wakiuru. Ni lile nililowapelekea wakwe nilipooa, lenye kibonyeo ubavuni kwa sababu liliponyoka kutoka kwenye pikapu langoni mwao, wageni wote wakitazama, na juu ya kibonyeo kuna waridi nililolichora mimi mwenyewe kuficha aibu. Bi. Duara ni mama mkwe wangu, Mama Phelista. Nilijua anasoma kitu fulani wikendi, lakini kwetu mkwe hachunguzi mambo ya mama mkwe, huo ndio ujinga wetu au ndiyo heshima yetu, sijui tena.

Sisi Wabukusu, mimi na yeye hatupeani mkono, hatuketi karibu, tukikutana njiani mmoja anapinda, na tangu nioe sijamtazama usoni vizuri, hata ukiniuliza kama ana pengo siwezi kukwambia. Sasa tuketi meza moja na kipaza sauti kimoja? Na mambo hayajaishia hapo, kwa sababu Nabwile ameniona nikichekacheka na simu muda wote huu, na vile vyombo nilivyoosha ndivyo vilivyochochea moto, juzi akaniuliza, "Huyo Duara ni nani?" Nikasema ni mwalimu. Akauliza, "Ati ako mzuri?" Nikakohoa. Wewe ungefanya nini? Nikisema ndiyo nimekwisha, nikisema hapana nimemtukana mama wa mtu, tena mama yake mwenyewe. Akasema, "Ni sawa tu. Jumamosi mimi pia nakuja Kitale. Nataka nione hiyo uzuri inakufanya ukohoe."

Kevin, yule aliyemwaga chai, ananiambia, "Si ujifanye mgonjwa, bana. Malaria haiitishwangi ushahidi." Lakini nikikosa kwenda, Mama naye anarudia kozi kwa ajili yangu, na mwaka ujao ndio anastaafu, hiyo shahada atakuwa ameikosa akiwa bado mwalimu. Nikienda, nimevunja heshima mbele ya umati na mke wangu akiwa mstari wa mbele. Na kila nikikumbuka lile neno gavana najisikia kuingia ndani ya lile tangi nijifunike. Nifanyeje?

Mwalimu Tope, Matulo

*

Mwalimu Tope,

Nimecheka. Nilijitahidi kungoja mwisho kama ulivyoniomba, lakini ulipofika kwenye imondo nikashindwa. Sasa nimemaliza, tuongee.

Kwanza pole, na sisemi kwa mdomo tu. Nina wakwe wawili wa huko kwenu waliooa binti zangu, na wakija kwangu hapa Kitale hujificha nyuma ya gari lao wenyewe mpaka nipite. Mimi Mkikuyu nilidhani wananichukia. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ndiyo njia yao ya kunipenda. Najua unavyoumia, na najua pia anavyoumia yule mama, ingawa yeye hakuna aliyemuuliza.

Sasa nikugombeze kidogo. Mtu mzima, mwalimu wa watoto wa watu, unamwandikia mwanamke usiyemjua habari za mke wako, tena kando kando, halafu unashangaa mke akishuku? Angekuwa mwingine ningekuchapa hapa hapa gazetini. Una bahati ya mtende. Katika wanawake wote walioko mtandaoni umeangukia yule mmoja anayetaka ubaki na mkeo kuliko wewe mwenyewe unavyotaka. Na huyo Kevin mwambie aendelee kumwaga chai, ushauri si kazi yake. Ukijifanya mgonjwa, shahada ya mama inaenda na malaria yako ya uongo.

Leo, kabla ya chakula, mwambie Nabwile. Usizunguke, usianze na "kuna jambo nataka tuzungumze," maana hapo atakuwa ameshafunga mzigo. Sentensi yako ianze na maneno "mama yako." Kisha mpe simu asome yote, na lile la gavana pia, usilifute. Atakasirika na atacheka, sijui kipi kitatangulia. Akishatulia, yeye ndiye mjumbe wako. Ampigie mama yake amuulize angependa mketi vipi, kwa sababu mpaka sasa umepanga kila kitu kichwani mwako kana kwamba yule mama hana maoni. Mtu aliyekuambia kwamba marehemu angeondoka, maoni anayo.

Halafu mpigie Dkt. Kipketer. Naye bila shaka ana mama mkwe, na watu wa kwao mlimani pia wana miiko yao, hutahitaji kumchorea. Yeye alisema meza moja, hakusema mtazamane. Nabwile kwa vile ameshajialika, aketi katikati. Wewe simama kwenye kompyuta, uso ukutani kule blogu inakoonekana, ufungue kurasa. Mama aongee kutoka kitini. Ukifika wakati wako, yeye atazame karatasi zake. Walimu wamezoea kuongea na watu wasiowatazama, ndiyo kazi yenyewe.

Na mkiulizwa blogu ilisaidia nini, msiwasomee nadharia. Waambieni habari ya Cheptoo. Mtoto yule alikuwa na swali tumboni tangu mlima umeze shamba la nyanyake, akashindwa kulitoa kwa sababu kila akiinua uso anakuta wewe umesimama na chaki. Ukampa mahali pa kuuliza bila kutazamwa, akauliza. Kisha, kama Mama ataridhia, waambieni kwamba aliyefungwa mdomo hakuwa Cheptoo peke yake. Kulikuwa na mwanamume mzima aliyekuwa na maneno ya kumwambia mama mkwe wake, naye hakuwa na pa kuyasemea. Hapo nakuhakikishia hata wale wanaocheza na simu watainua vichwa.

Kuna jambo moja nimeliacha mwisho, maana wewe wa kufundisha ramani umeshindwa kusoma barua yako mwenyewe. Habari ya ile imondo ya Krismasi hukumwambia mkeo. Umesema hivyo wewe. Ulimwambia Bi. Duara tu. Basi Pasaka ilifikaje juu ya sahani?

Alijua, mwanangu. Alijua tangu siku ile aliyokaa kimya. Ile ya paka haikuwa mzaha, alikuwa anakueleza kilichotokea jikoni mwake. Angeweza kumwomba Dkt. ampangie mtu mwingine. Angeweza kukuanika kwa binti yake. Ameitwa gavana, akameza, akaendelea kukusahihishia masomo na kukufundisha namna ya kuishi na mtoto wake, kwa sababu hiyo ilikuwa nafasi yake ya kwanza kukwambia chochote tangu uoe. Na hilo tangi je? Kabuchai nzima mwalimu wa Hesabu akose kitu cha kupima, akose sufuria, akose debe, apige picha ya lile lenye kibonyeo chako na waridi lako, tena kesho yake baada ya tangazo la Kitale? Alikuwa anabisha hodi, ili Jumamosi usimkute ghafla ukaanguka na kipaza sauti.

Kwa hiyo usiniulize utaketi naye vipi. Mwaka mzima mmeketi pamoja. Unachodaiwa ni kuitikia hodi. Nenda chini ya lile somo la tangi, pale pale ambapo watu wote wanasoma, uandike: "Karibu, Mama. Jumamosi nitakuwepo." Kisha weka simu chini uingie jikoni. Vyombo viko, na alishakuambia usitangaze.

Bi. Wakiuru