Nyar Uriri Ndiye Aliyeona Kwanza

Jumamosi, Migori. Mvua imenyesha tangu asubuhi na nguo nilizofua jana bado zimening'inia chumbani. Nimekunywa chai mara mbili. Siko vibaya, lakini kuna jambo limenikaa rohoni wiki nzima na nataka kuliandika jinsi lilivyokuwa, bila kujipendelea.

Mimi huandika programu za kompyuta. Kazi ya mshahara ni nyingine, hapa mjini. Hii ninayoisema naifanya kwa kujitolea. Ni programu huria, yaani msimbo wake uko wazi mtandaoni, yeyote anaweza kuusoma, kuutumia na kuurekebisha. Inasaidia zahanati kufuatilia chanjo za watoto: nani amechanjwa, nani bado, na mama gani atumiwe ujumbe wa kumkumbusha. Tuko kama watu kumi na wengi wetu hatujawahi kuonana.

Kila mmoja akibadilisha kitu, anaandika commit. Ni mabadiliko yenyewe pamoja na ujumbe mfupi unaoeleza nini kimebadilika na kwa nini. Jina la aliyeandika msimbo hujiandika lenyewe. Majina ya wengine waliosaidia hayajiandiki. Hayo ni lazima uyaweke wewe.

Hapo ndipo nilipokosea.

Mwezi uliopita Sista Risper, muuguzi wa zahanati moja kisiwani Remba, alinitumia picha za vijitabu viwili vya kliniki. Watoto wawili wa kike, wote Achieng, wamezaliwa mwezi mmoja. Kijitabu kimoja kilionyesha chanjo ya surua imetolewa, kingine kilikuwa wazi. Lakini kwenye programu yetu hao wawili walihesabiwa mtoto mmoja tu, na alikuwa ameshachanjwa.

Picha zilifuatwa na ujumbe wa sauti. "Boke, hii programu yenu inajua mtoto kwa jina na simu ya mzazi. Huku simu moja inatumiwa na plot nzima, wapangaji wote. Na Achieng ni wengi, mtoto wa kike akizaliwa jua likiwa juu ni Achieng. Tumia namba ya kijitabu na jina la mama."

Nilisikiliza mara mbili. Alikuwa amenipa ugonjwa na dawa yake. Achieng wa pili angekaa bila chanjo huku sisi tukimhesabu kuwa salama, na mama yake asingepata ujumbe wowote. Remba nyumba za mabati zinagusana. Surua ikiingia pale haitabisha hodi mlango mmoja mmoja.

Nilipaswa kuliona hilo mwenyewe. Nimezaliwa Kegonga. Darasani tulikuwa Boke wanne, na mwalimu alituita kwa majina ya baba zetu.

Nilirekebisha kwa siku mbili. Mistari kama arobaini hivi. Nilipofika kwenye ujumbe wa commit nikaandika: "Rekebisha kuchanganywa kwa watoto wenye jina moja na simu moja." Nikaweka nukta, nikatuma.

Sikumsahau Sista. Naliandika hili kwa sababu wiki hii nimejaribu mara kadhaa kujiambia kwamba nilisahau. Nilimkumbuka vizuri. Nilifikiri, hana akaunti kwenye mradi, hajaandika mstari hata mmoja, na ni nani atauliza? Nikafunga kompyuta nikaenda sokoni.

Siku mbili baadaye Kiprono, anayesimamia mradi akiwa Eldoret, alituandikia sote. Alisema Boke ameona kitu ambacho sisi wote tulikipita. Wengine wakanipongeza. Nikajibu, "Asanteni."

Neno moja, na lilikuwa uongo.

Halafu ukaja mwaliko. Kutakuwa na mkutano wa wauguzi na makarani wa zahanati mjini Homa Bay, na waandaaji walitaka nieleze jinsi nilivyogundua lile kosa. Nilikubali siku hiyohiyo. Nilianza hata kufikiria nitavaa nini.

Alhamisi hii Sista Risper alinipigia simu. Alikuwa na swali dogo kuhusu tableti ya zahanati, kama baada ya toleo jipya rekodi za zamani zitabaki. Nikamjibu zitabaki. Kisha akasema, "Nilifungua ile orodha ya mabadiliko. Niliona jina lako hapo. Hongera."

Hakusema kwa ubaya. Hiyo ndiyo shida. Angenigombeza ningepata la kujitetea. Alinipa hongera kama mtu anayempongeza jirani kwa nyumba mpya, na mimi nilijua nyumba ile imejengwa kwa matofali yake.

Nikamwambia, "Sista, nilipaswa kuandika jina lako hapo. Sikuandika. Nisamehe."

Akasema, "Sawa. Lakini ukiandika yangu, anza na ya Nyar Uriri. Mimi nililetewa tu."

Sikuwa nimewahi kusikia habari za Nyar Uriri. Sista akanieleza. Ni mhudumu wa afya wa kijiji, mwanamke aliyeolewa kutoka Uriri akaishia Remba na mumewe, na pale kisiwani hakuna anayemwita kwa jina lingine ila hilo, binti wa Uriri. Hutembea nyumba kwa nyumba akiangalia watoto. Ndiye aliyeona kijitabu cha Achieng wa pili kiko wazi ilhali tableti inasema amemaliza. Wengi wangedhani mama amepoteza kijitabu cha kwanza akapewa kipya. Yeye aliwaweka watoto wawili kwenye benchi moja, vijitabu mapajani mwao, akamwita Sista aje aone. Kisha akambeba yule wa pili mpaka kwenye chumba cha sindano.

Kwa hiyo nilidhani nimeficha jina moja, kumbe nimefunika mawili.

Ijumaa Sista alimpa Nyar Uriri simu. Nilimweleza kazi yangu kadiri nilivyoweza: kwamba kuna mahali tunaandika nani amefanya nini, kwamba watu wa nchi nyingi wanaweza kupasoma, na kwamba jina likishaingia ni vigumu sana kulitoa. Nilitaka ajue hilo kabla ya kukubali.

"Sasa hiyo maandishi itasema nini?" akauliza.

"Itasema wewe ndiye uliona watoto ni wawili."

"Jina ya watoto itakuwa hapo?"

"Hapana, mama. Ya watoto haitakuwa."

"Basi ni sawa. Niandike Pamela Auma. Nyar Uriri ni wa hapa nyumbani. Huko mbali watajua aje ni nani?" Akafikiria. "Ama weka zote mbili, nyathina, mwanangu. Watu wa hapa wakiona Pamela watauliza Pamela gani."

Nikaandika yote mawili.

Nilitamani kurudi kwenye ile commit ya kwanza niitengeneze upya. Inawezekana, lakini ukibadilisha ya zamani, zote zilizoifuata zinabadilika pia, na kila mtu mwenye nakala yake anavurugikiwa. Wenzangu wameshajenga juu yake. Kwa hiyo itabaki vile, na jina langu peke yake.

Nilichoweza ni kuandika commit mpya. Nimeongeza jaribio la watoto wawili wa kubuni wenye jina moja na simu moja, ili programu ikiwachanganya tena tujue mapema. Nimeongeza pia faili ya majina ya waliochangia. Na kwenye ujumbe nimeandika wazi kwamba kosa liligunduliwa na Pamela Auma, Nyar Uriri, kwamba Sista Risper alilichunguza na kupendekeza njia ya kulirekebisha, na kwamba mimi niliandika msimbo kwa kufuata pendekezo hilo, ila mara ya kwanza sikuwataja.

Kiprono aliuliza, "Huyu Pamela hana barua pepe wala akaunti. Tutamwekaje?"

Nikamjibu, "Kwa herufi za jina lake."

Akaipokea commit, akaongeza mstari kwamba kuanzia sasa kila commit itaje aliyeleta taarifa, awe anaandika msimbo au haandiki. Sikumwomba afanye hivyo.

Waandaaji wa Homa Bay nao niliwaandikia. Nimewaambia sikugundua chochote, nililetewa, na mwenye kusimama mbele ni Sista. Wamekubali. Nyar Uriri hawezi kuja kwa sababu siku hiyo anapima uzito wa watoto, na alipoambiwa ni mkutano akauliza kama hao watu hawana kazi. Mimi nitakuwa nyuma nikibonyeza kompyuta picha zibadilike.

Niseme ukweli, sikufurahi nilipotuma ile barua. Nilijihisi kama mtu aliyerudisha gauni la kuazima wakati bado linampendeza. Furaha nilidhani itakuja jana. Haijaja. Kilichokuja ni wepesi fulani, na hamu ya kula.

Baada ya chakula cha mchana leo nimefungua orodha ya commit zangu zote tangu nijiunge na mradi huu. Nimeanza kuzisoma moja moja, nikijiuliza ni nani aliyenionyesha. Ya tatu, karani mmoja wa Uriri ndiye aliyeniambia tarehe zinasomeka kinyume. Ya saba ni mwenzangu wa chuoni. Ya kumi na moja nakumbuka sauti ya mwanamke kwenye simu, tena alikuwa mpole sana na swali langu la kijinga, na jina lake silikumbuki kabisa.

Nimeacha hapo. Karani nina namba yake. Huyo mwanamke nitamtafuta kuanzia Jumatatu, na sijui niulize wapi.